Gari Jeusi Lililopita Hedaru

Yudith alizaliwa Myamba, juu milimani, ambako maji ya mtoni ni baridi na hayaachi alama popote. Alipoolewa akashuka Hedaru, kando ya barabara kuu, akakutana na maji ya kisima yenye chumvi. Sufuria ikikaukia juani, hubaki na weupe ndani kama imepakwa chaki. Mumewe alipofariki, alianza kuosha malori nyuma ya stendi, baadaye magari madogo, na weupe ule ndio uliomfunza kazi. Kuosha gari kila mtu anaweza. Kulikausha kwa maji yale, na jua lile, na upepo unaoshuka mlimani ukivuta vumbi, ndiko wengi walikoshindwa. Madereva wa magari ya harusi walikuwa wakifika wanauliza kwanza, "Mama Careen yupo?"

Careen alikuwa binti yake wa pekee, mwanafunzi wa kidato cha pili. Shule yake iko upande wa kuelekea Same, na kila asubuhi aliifuata kwa miguu pembezoni mwa lami, mabasi na malori yakimpita kwa kishindo. Yudith hakuwahi kuizoea safari hiyo. Breki zikilia mahali, hata mbali, mkono wake ulisimama mpaka asikie gari limeendelea na safari.

Asubuhi moja ya Julai, Careen akiwa ameshaondoka, gari dogo jeusi lilitokea upande wa Same kwa kasi, likakata kona bila taa ya ishara, likasimama mbele ya kisima. Akashuka mwanaume wa makamo, shati jeupe, mashavu yamemsinyaa.

"Karibu kaka."

"Osha nje tu. Haraka, nawahi Dar." Alikwenda hatua chache, akarudi. "Mbele osha vizuri. Na usiniachie madoa."

Yudith akazunguka mbele. Taa ya kushoto ilikuwa na ufa, bampa limebonyea, na tope lililochanganyika na damu limeganda pembeni.

"Umegonga nini kaka?"

"Mbuzi. Hapo nyuma."

Mbuzi hugongwa sana barabara ile. Yudith hakuuliza tena. Alilisogeza gari kivulini chini ya paa la bati, akaliacha lipoe kidogo, akaliosha kwa povu. Kisha akatoa kichwa cha mpira wa maji ili maji yamwagike taratibu kutoka juu ya paa, yateremke kwa pamoja, yasibaki matone matone. Akatandaza taulo kubwa juu ya boneti, akalivuta kuelekea kwake bila kusugua. Paa, vioo, boneti, milango, kila mahali kabla upepo haujayawahi maji. Yule mwanaume alikaa kwenye benchi na soda mkononi, hajainywa.

Kilichobaki ni maji ya kujificha. Hayo ndiyo yanayowaumbua waoshaji, kwa sababu gari likishaondoka yanachuruzika kwenye saiti mira, vile vioo vya pembeni, kwenye mikono ya milango na nyuma ya taa, halafu yanakauka na kuacha mistari. Yudith alichukua kitambaa kidogo kikavu, akachuchumaa mbele, akakichomeka kwenye upenyo kati ya taa na bampa.

Kilitoka na wekundu hafifu. Na pamoja na wekundu ule, kilivuta uzi wa sufi. Wa bluu.

Aliutazama kama mtu anayejaribu kusoma lugha asiyoijua. Careen alikuwa ameondoka nyumbani na sweta la shule, la bluu.

"Mbona umesimama?" Mwanaume alikuwa ameinuka kwenye benchi.

Yudith aliufumbata uzi ndani ya kitambaa. "Kuna maji nyuma ya taa kaka. Nikiyaacha yatashuka tena, utafika Dar na michirizi."

"Basi malizia."

"Nafungua milango nikaushe kingo zake."

Akafungua mlango wa dereva. Ufunguo ulikuwa unaning'inia pale alipouacha aliposogeza gari. Akafuta ukingo wa juu, akafuta wa chini, na mkono mwingine ukauchomoa ufunguo na kuuzamisha katika mfuko wa aproni.

"Nafuata kitambaa kikavu," alisema, akaingia katika chumba chake kidogo cha mabati cha kuwekea ndoo na sabuni.

Alimpigia Mwalimu Beatha, mwalimu wa darasa la Careen. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Alijiona tayari amesimama kando ya lami, akifunua kanga aliyofunikwa mtu. Aliuma upindo wa aproni ili asilie. Simu ikatetemeka mkononi.

"Mama Careen, samahani, nilikuwa nafundisha. Kuna nini?"

"Careen amefika?"

"Yupo hapa mbele yangu. Nikupe uongee naye?"

Akakalia ndoo. "Hapana mwalimu. Asante. Asante sana." Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu kingine duniani ila furaha. Halafu akaufungua mkono wake. Uzi ulikuwa bado upo. Basi ulikuwa wa mtu mwingine.

Giza likaingia chumbani. Mwanaume alikuwa amesimama mlangoni.

"Ufunguo uko wapi?"

Yudith alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati. "Kaka," alisema, "mbuzi havai sweta."

Mwanaume alimrukia. Alimkamata kifundo cha mkono, mkono mwingine ukitafuta mfuko wa aproni, na Yudith akapiga yowe ambalo hakujua analo. Stendini watu waligeuka. Aliyewatangulia wote mbio alikuwa Tumainieli, dereva wa bodaboda aliyefika muda huohuo kutoka upande wa Same, na alipokuwa akikimbia alipaza sauti:

"Ndilo hilo! Gari jeusi! Limemgonga mzee kule kwenye mkonge likakimbia!"

Hapo Yudith aliona kitu kilichomtisha kuliko mkono uliomshika. Watu walikuwa wanaokota mawe. Mmoja alikuwa na fimbo ya chuma. Mwanaume naye aliwaona; alimwachia Yudith na kuchutama kati ya ndoo, mikono kichwani. "Ndiyo maana sikusimama," alisema kwa sauti ya mtoto. "Wangeniua mama. Wataniua."

Hakuwa na muda wa kufikiri. Alitoka, akavuta mlango wa bati, akatia komeo, akauegemea.

"Tupishe Mama Careen!"

"Sitoki. Piteni kwangu kwanza." Hakuamini maneno yake mwenyewe. "Tumaini mwanangu, huyo mzee yuko hai?"

Tumainieli alisita. "Wamempakia kwenye pikapu kwenda hospitali. Alikuwa anaongea."

"Basi piga simu kwa askari. Na nyie wekeni hayo mawe. Yowe ni langu, mimi ndiye niliyewaita. Mtu asiuawe kwa yowe langu."

Jiwe moja liligonga bati juu ya kichwa chake. Alifumba macho, hakuondoka. Waliendelea kufoka na kusukumana, lakini hakuna aliyethubutu kumvuta mjane wa watu mbele ya macho ya stendi nzima. Askari walipofika, ilibidi wambandue vidole mlangoni, kimoja kimoja, kwa jinsi vilivyokuwa vimekaza.

Mwanaume yule aliitwa Rodrick. Alikiri siku hiyohiyo, kesi ikaenda mahakamani, naye akafungwa. Mzee aliitwa Wilbard, mkulima aliyeshuka sokoni alfajiri na sweta lake la bluu la kujikinga na baridi ya mlimani. Alivunjika nyonga, akapona kwa mkongojo. Kituoni walimhoji Yudith kwa nini aliosha damu, na kwa siku kadhaa alilala akidhani watamrudia wamkamate. Hawakurudi.

Aliendelea na kazi, maana ndiyo aliyonayo. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua maji, alimsindikiza Careen shule kwa njia ya ndani, nyuma ya mashamba ya mkonge, mbali na lami.

"Mama, wenzangu wananicheka. Mimi ni mkubwa."

"Wacheke," alisema Yudith, na kumshika mkono kwa nguvu zaidi.