Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Siku yangu ya kwanza gereji, karibu na Bandari ya Mtwara, Fundi Mkuu alinipa taa ya kupimia umeme akasema, "Umeme hauonekani, kwa hiyo usijifanye unaujua." Nikacheka. Ilikuwa miaka ya tisini, na asubuhi ile naiona kama ndoto: harufu ya korosho kutoka maghalani, nami nikijiona fundi tayari.

Miaka michache baadaye likaletwa gari la zahanati moja ya upande wa Mahurunga. Dawa zilikuwa zikiibwa garini, wakataka milango yote ijifunge kwa swichi moja. Nikafunga rilei, kile kidude kinachopokea umeme mdogo ili kiruhusu mkubwa ufike kwenye mota za vitasa. Fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, ikaungua tena. Ilinipasa kuchomoa mota mojamoja, kisha kukagua waya pale unapopita bawabani. Lakini Nesi wa zahanati alikuwa ananisubiri, na ujana una kiburi. Nikasokota karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, nikaichomeka mahali pa fyuzi. Vitasa vikaitika.

Gereji yetu ilikuwa na desturi: aliyefunga umeme hupanda gari safari ya kwanza. Nikakaa nyuma na Nesi, pamoja na mama mjamzito aliyekuwa akirudishwa kijijini. Mikorosho ilipita dirishani taratibu, usingizi ukaninyemelea. Gari likaruka shimo. Milango ikajifunga yenyewe, moshi ukafuka, na vitasa vikagoma kufunguka.

Niliogopa sana. Dereva akafyatua boneti, nikajipenyeza kwenye dirisha dogo, nikang'oa waya wa betri. Tukamtoa yule mama kwa kuvunja kioo cha nyuma.

Nesi akanishika mkono. "Mwanangu, Mungu akuweke. Bila wewe tungefia humu."

"Ahsante, mama," nikasema.

Fundi Mkuu alikuta waya umechubuka bawabani, unagusa bodi, na karatasi haikukata umeme kama ambavyo fyuzi ingekata. Akanikabidhi mabaki ya karatasi. "Kamwambie Nesi wewe mwenyewe." Nikamwitikia, wala sikwenda.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza habari za fyuzi zinazoungua, nawaambia fyuzi haina kosa, tafuteni waya. Nesi naye kastaafu, na tukikutana sokoni huwaambia walio karibu, "Huyu ndiye aliyetuokoa."

Aibu hunijaa. Kisha nami huitikia, "Tumshukuru Mungu, mama."