Glasi Aliyoikataa

Kile kijitabu tulikisomea kwenye fotokopi iliyofifia, Kifaransa kigumu, mimi na mwenzangu wa darasa, mwaka wetu wa mwisho wa sekondari hapa Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Kilisema serikali zote ni mzigo, watu wajitawale bila mkubwa yeyote, na mkubwa asiyetaka kuondoka aondolewe kwa bunduki. Lakini bunduki ije mwisho. Kwanza wananchi wakupende. Eh, tulijiona sisi! Hatukuwa tumeshika hata manati. Pembeni mwa ukurasa wenye maneno hayo nikaandika kwa kalamu ya bluu: "Anza na wajane." Nilikuwa najionyesha tu. Na mjane mwenyewe nikamtajia mwenzangu, mama mmoja wa kijiji cha Kigwena aliyekuwa akisali kanisani kwetu.

Mwenzangu hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda kweli. Juma baada ya juma alipanda juu ya michikichi ya yule mama, akamkatia mikungu ya chikichi, akambebea hadi kwenye kinu cha mawese. Kila akimaliza, mama alimletea glasi ya pombe ya ndizi, naye akaikataa, kwa sababu kijitabu kilisema usichukue kitu cha mwananchi.

Hapo ndipo tulipoharibu. Kwetu mtu akikufanyia kazi unampa kinywaji; akinywa, mmemalizana. Akikataa, amekuachia kazi yake mgongoni, na siku akija na haja yake huna mdomo wa kumkatalia. Mimi nimezaliwa hapa, nalijua hilo tangu utotoni. Mwenzangu aliponisimulia jinsi anavyoikataa ile glasi, nilimsifu. Mjinga mimi!

Siku moja akaenda na gunia. "Mama, niwekee hili." Mama hakuuliza kuna nini ndani. Angeulizaje? Baada ya wiki mbili polisi wakatoa bunduki mbili chini ya kitanda chake. Mwenzangu alikuwa ameshavuka ziwa kwenda Kongo, na mpaka leo hajarudi. Mama akafungwa karibu miaka miwili. Mimi nilikichoma kijitabu jikoni kwetu, nikafanya mtihani wa taifa, nikafaulu. Leo nafundisha. Gerezani sikwenda kumwona hata mara moja. Niliogopa, na nikiukumbuka woga ule naona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikaenda Kigwena kumwambia yote. Nilimkuta amezeeka, anaburuta mkungu mmoja mmoja kwa kamba. Nikashindwa kuanza na maneno. Nikavua viatu, nikabeba mikungu yake yote hadi kinuni, shati likanilowa jasho na mafuta. Niliporudi alikuwa ameweka kiti uani, na glasi imejaa.

"Yule mutoto," akasema, "sina hasira naye tena. Ila najiuliza. Wajane tuko wengi huku. Nani alimuonyesha mulango wangu?"

Ni mimi, mama. Ndivyo nilivyotaka kusema. Akanisogezea glasi kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwalimu. Yeye alikuwa anakataa, nami nikashindwa kumukatalia. Wewe kunywa, nikae na amani."

Nikainywa yote, bila kupumua.

"Asante, murakoze sana. Haya, tumemalizana," akasema, akacheka, akaenda kuosha glasi.