Mgongo wa Bibi Painem Wakataa Kapu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Painem amelala chali sakafuni, katika nyumba yake nje kidogo ya mji wa Klaten. Amekunja magoti. Anainua kiuno taratibu, anakishikilia, anakishusha. Jikoni sufuria yenye bizari ya manjano na tangawizi inatokota.

Ana miaka sitini na minne. Kwa miaka thelathini na minane amebeba chupa za jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa ya Kiindonesia, mgongoni, kapuni, akiuza mlango kwa mlango. Mzigo ulifika kilo ishirini na tano.

"Watu walidhani nauza dawa tu," anasema. "Kumbe nilikuwa natafuta wa kuzungumza naye."

Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Mwanawe wa pekee, Wagiyo, yuko kisiwa cha mbali cha Batam, anafanya kazi kiwandani.

Mwaka jana Painem aliinama kuokota kifuniko, maumivu yakamchoma kutoka kiunoni hadi unyayoni. Alianguka, akashindwa kuinuka. Jioni Wagiyo alimpigia simu, naye akaipokea akiwa bado sakafuni.

"Nilimwambia sijambo," anasema, akitazama pembeni. "Yuko mbali. Angefanya nini?"

Aliyemkuta, kesho yake mchana, ni mteja wake Lastri, mshonaji.

"We mama, leo chupa zimekushinda?" alimtania kutoka mlangoni, kabla hajamwona.

Katika kituo cha afya alikopelekwa na Lastri, Hendro, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimweleza kwamba diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, hupungukiwa maji kadiri umri unavyosonga. Zake zimebonyea, na moja inabana mshipa wa fahamu.

"Kwa hiyo nimekauka?"

"Kidogo, Bibi. Sote tunakauka. Diski hairudi ujanani, lakini misuli ikiwa imara, maumivu hupungua. Usilale tu, tembea. Kapu ndilo uliache."

Alilia palepale. Akajifungia ndani miezi miwili, maumivu yakazidi. Ndipo akaanza mazoezi. Mwezi wa nne wa mazoezi, ganzi iliyokuwa imemshika mguuni ikaondoka.

Sasa anasukuma chupa zake kwenye kigari, lakini hakipiti kwenye vichochoro vyembamba.

"Kuna wazee huko sijawaona tangu mwaka jana. Sijui hata kama wapo."

Anawajua wabebaji wa jamu wenzake watatu wanaoficha maumivu. Anataka wafanye mazoezi kwake kila Jumapili. Ameshawaalika, na sebule ameshaifagia.

"Hakuna aliyesema atakuja," anasema. "Ila hakuna aliyekataa."