Mwigiza Marehemu wa Michenga

Kwa miaka mingi hakuzikwa mtu Michenga bila Siwema kumwigiza. Ukoo wake ulikuwa na utani na nusu ya kijiji, na utani wa msibani una haki zake: mtani huvaa nguo ya marehemu, akatembea na kukohoa kama yeye, mpaka waliokuwa wakilia wacheke. Kutoka huko alipanda jukwaani na kikundi cha maigizo cha wafanyakazi wa mashamba ya miwa, ambako sauti yake ilisikika hadi nje ya ukumbi.

Mwaka 1995 walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walimsikiliza kidogo, wakasema anapiga kelele. Wakamchukua Teddy, binti wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Ati uso wa Teddy unaongea. Kana kwamba wa shangazi yake ulikuwa bubu.

Filamu ilipooneshwa uwanja wa shule, Siwema aliutazama uso ule uliojaa shuka zima la kuoneshea picha kama mtu anayetazama mpunga wake ukivunwa na jirani.

Kisha Mzee Faustino akafariki, na mjane wake, Balbina, akaomba mumewe aigizwe na Teddy.

"Shikamoo shangazi," Teddy alisema, koti la marehemu mkononi. "Naomba ruhusa yako."

"Marahaba. Ruhusa kaombe Dar."

Teddy akalivaa koti. Hakutembea wala hakukohoa. Aliketi mbele ya Balbina, akapapasa mifuko, akakunja uso taratibu, kama Faustino alivyozoea kutafuta kiberiti alichokishika mkononi. Balbina akacheka huku machozi yakimtoka.

"Kafanya nini?" wakauliza wa nyuma. "Huku hatuoni kitu. Siwema, leo umefuata wali tu?"

Siwema hakungoja kuombwa tena. Alilivua koti mabegani mwa Teddy, akalivaa, akatoka na mwendo wa Faustino katika tope la majaruba ya mpunga, magoti juu, akifukuza ndege wasiokuwepo. Turubai zima likaangua kicheko.

Ulikuwa ushindi, na angekwenda nao nyumbani laiti asingegeuka. Balbina hakuwa akimtazama. Alikuwa ameishika mikono ya Teddy, akimwambia kwa sauti ndogo, "Rudia, mwanangu. Kile cha kiberiti."