Mtaro wa Halmashauri Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi na kushika daftari kama bwana mkubwa. Injinia Mkuu wa halmashauri yetu, mama mwembamba aliyekulia kambi ya jeshi, alinitazama miguuni akacheka. "Weka hiyo daftari. Beba pimamaji, ingia ndani ya mtaro." Pimamaji ndicho chombo kinachokuonyesha kama ukuta umelala sawa. Nikaingia na viatu vyangu.

Mtaro huo, kule bondeni mtaa wa Namuwongo karibu na reli, ndio uliokuwa mpaka wetu na halmashauri jirani. Vijana, hamjui ushindani ule! Wakitia taa, nasi tunatia taa. Wakimwaga lami, Mwenyekiti wetu halali. Siku moja wakapandisha ukuta wa upande wao mstari mmoja wa mawe. Sisi tukaamriwa kupandisha mitatu. Niliusimamia mwenyewe, na nilijivunia ulivyonyooka.

Mvua iliponyesha, maji yote yalifurikia ng'ambo. Nilivuka kutazama. Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo aliyeuza unga wa muhogo, alinipokea mlangoni na ndoo ya matope. Magunia yake alikuwa ameyaning'iniza darini.

"Papa, munapandisha ukuta, mayi inaingia kwangu. Niende wapi na batoto?"

Niliona aibu sana. Nilijua nyumba ile ya udongo haitavuka msimu mwingine.

Nilimweleza Injinia. Akaagiza tuchimbe tope mtaro mzima, hadi nusu ya jirani, kwa fedha yetu, ili maji yapate kina.

"Tuwachimbie wapinzani?" Mwenyekiti alifoka. "Nitakuhamisha!"

"Hamisha, Mzee. Lakini mtaro iko moja. Nachimba kwanza."

Alichimba kweli, na akahamishwa kweli. Sijapata kumwona mkubwa mwingine aliyeweka kiti chake rehani kwa ajili ya nyumba ya mtu asiye na kura.

Jirani nao hawakukubali kushindwa. Mwaka uliofuata walichimba sehemu ya chini, kule maji yaendako, upana wote, nusu yetu ikiwemo. Nasi, kwa wivu uleule, tukachimba mbele zaidi.

Sasa nimestaafu. Juzi nilipita kwa Mama Furaha, mvua kubwa ikinyesha. Alinipa kiti, akaendelea kumpimia mteja unga bila hata kutazama nje. Magunia yake yote yalikuwa sakafuni. Natamani Injinia angeyaona.