Matumbawe ya Sebuleni Korogwe

Baba yangu, Mzee Mhina, alikuwa mfanyakazi wa reli Korogwe, na sebuleni alifuga matumbawe hai ya kijani katika tangi la kioo. Kule Tanga alichagua vipande vidogo tu. “Kikubwa ukikihamisha kinakufa,” alituambia. Kila Jumamosi alileta kwa treni madebe ya maji ya bahari, akabadilisha yaliyochakaa.

Alipostaafu, mwaka 1974, ikabidi tuhamie kijiji cha ujamaa Kwaluguru, mbali na reli.

“Utayaacha?” mama akamuuliza.

“Nitayarudisha kwao, Mwantumu.”

Nilimsindikiza Tanga. Aliingia majini mpaka kiunoni, akayapachika mwambani moja moja, taratibu, kama analaza watoto.

Kwaluguru tulivuna mahindi mengi, lakini kila asubuhi nilikumbuka sebule yetu iking'aa kijani.