Shaka Yenye Umbo la Ndizi

Karakanani walimwita Mama Ndizi, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukadiria mahali zilipo roboti zinazobeba shuka za hospitali, maana roboti haijui ilipo, inabahatisha tu. Wenzake walizoea kuchora shaka hiyo kama yai linalozunguka sehemu roboti inakotarajiwa kuwa. Yeye alikataa katakata. Magurudumu huhesabu mwendo vizuri, alisema, lakini mwelekeo ukikosewa kidogo mwanzoni, kosa hukua kila hatua. Basi roboti yaweza kuwa popote kwenye tao. Akalichora tao lenyewe ubaoni, limenona katikati na kuchongoka ncha zote mbili, kama ndizi. Wakacheka, na jina likamganda.

Baba yake hakucheka. Alikuwa ameshika mnyororo wa wapima ardhi miaka thelathini na mbili, na mguu wake ulikuwa rula. "Hayo nayajua tangu kabla hujazaliwa," alimwambia. Siku hizi kumbukumbu zilimtoka, lakini hatua alizihesabu bado: mia sita na arobaini kutoka getini, kukatiza uwanja, hadi kwa kinyozi. Kila Jumamosi alikwenda peke yake. Ndiyo safari pekee aliyobakiwa nayo, na wanawe hawakuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Jumamosi moja hakufika kwa kinyozi. Mama Ndizi alipokuja mbio, kaka yake na majirani walikuwa wameshapekua vichochoro vyote vinavyozunguka kwa kinyozi, mara mbili.

"Mnatafuta yai," alisema.

"Mdogo wangu, huu si wakati wa mizaha. Na akipatikana, hatoki tena."

Mama Ndizi hakuwa anatania. Alichora mtaa nyuma ya bahasha, akaanzia getini, akapitisha tao la hatua mia sita na arobaini. Nyonga mbovu ya baba humvuta kushoto, kwa hiyo akalifuata tao upande huo. Akapita kwa mchomeleaji, akapita kinu cha unga. Nyuma ya ghala la mbao akamkuta mzee amekaa juu ya kreti, kofia mapajani, kichwa tayari kwa kunyolewa.

"Baba, unafanya nini huku?"

"Namngoja kinyozi. Mimi nimefika. Duka ndilo limehama."

Binti yake alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika mkono wakarudi nyumbani. Kaka alisema neno lake ni lile lile: mzee hatoki tena. Mama Ndizi hakubishana naye, aliomba Jumamosi moja tu ya kujaribu.

Jumamosi iliyofuata mzee alitoka kama kawaida. Katikati ya uwanja, penye hatua ya mia tatu na ishirini, alimkuta binti yake amekaa kwenye kiti cha plastiki, anajifanya anasoma. Roboti zake nazo, zikiona alama moja tu njiani, hujisahihisha.

"Wewe umekaa hapa kama nani?"

"Kama kigingi cha wapima ardhi, Baba."

Mzee alimtazama, akatazama kwa kinyozi, akageuka kidogo kulia.

"Basi usisogee," alisema. "Mia tatu ishirini na moja. Mia tatu ishirini na mbili."